Papa, Msitu Umeandikwa kwa Jina Letu

Papa yangu mpendwa,

Wiki iliyopita gavana alitia sahihi. Msitu wetu wa nyuma ya Yanonge sasa ni wa kijiji kisheria, bila mwisho wa muda. Nilishika simu nikupigie, kisha nikakumbuka kwamba umeshatuacha. Ndiyo maana ninakuandikia.

Mama alinisimulia jinsi watu wa kampuni ya mbao walivyokuja na chumvi, sabuni na bia, wakitaka ninyi wazee muweke kidole kwenye karatasi ya Kifaransa. Ukauliza, "Iyi karatasi inasema nini?"

"Formalité tu, papa, utaratibu wa ofisi," wakakujibu.

"Bon. Mutoto yangu iko anasoma droit, ile sheria, Kisangani. Mungojee asome kwanza."

Wenzako walikasirika. Tonton Alphonse, mdogo wako, aliacha kukusalimia.

Ulipanda mtumbwi, ukanifikia Makiso, mtaa wa Kisangani nilikoishi, na karatasi ndani ya shati. Nilipokusomea kwamba mngetoa msitu wote, hata makaburi, uliirudisha karatasi ndani ya shati. Kisha ukaniuliza, "Na sheria, yenyewe inatujua?" Nikakuambia ndiyo, jamii inaweza kuomba msitu wa mababu zake, ila inahitaji ramani.

Niliona haya, papa. Nilijua vifungu vya sheria, lakini sikujua jina la kijito hata kimoja. Likizo ile ulinitembeza siku nne, mguu ukikuuma, ukinionyesha makaburi, miti ya viwavi tunavyokula, na mahali ambapo msitu wa majirani unaanzia. Nilipochoka ukacheka. "Andika muzuri. Sitakuwa hapa kila siku juu ya kukusahihisha."

Niliandika vizuri. Nilipopeleka ombi letu, ofisini walinirudisha mara nyingi: mara muhuri, mara sahihi ya jirani. Kwenye mipaka uliyonionyesha hawakupata kosa.

Siku tuliposoma uamuzi, Tonton Alphonse alisimama mbele ya kijiji kizima. "Yaya yangu, kaka yangu mukubwa, alisema kweli," alisema, "na miye nikamunyima hata salamu ya mbote." Akaketi, akalia. Mama akamshika mkono.

Asante kwa kuniamini kabla sijajua kitu. Asante kwa zile siku nne. Sasa wanawake wa kijiji wananiomba niwaelezee sheria hiyo kwa Kiswahili na Lingala, wasije wakaamuliwa na wanaume peke yao. Tunaanza Jumamosi, kanisani. Ningependa ungekuwepo, ukae nyuma, unikatize na maswali yako.

Tulikuzika katika msitu huohuo, papa. Lala salama. Uko kwako.

Binti yako