Harufu Chini ya Nyasi

Jumatatu, 3 Juni

Nimefagia nyasi za sebuleni, nimetandika mpya. Mara ya pili ndani ya siku saba. Harufu bado ipo. Mkojo, mkali wa kuingia machoni. Kiangazi kimeanza, nyasi laini ni za kutafuta, nimeteremka mpaka bondeni na mundu. Mama mkwe hataki sakafu tupu. Anasema ni nyumba ya watu wasiotaka wageni. Miaka ishirini na mbili namtandikia, sijalalamika. Leo nimelalamika moyoni.

Nadhani ni yeye. Basi, nimeandika. Amepita themanini, chumba chake kinafungukia sebuleni, anatembea kwa kushika ukuta. Uzee si kosa. Lakini Jumamosi ya wiki ijayo jumuiya inasali kwetu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwekea Mama nailoni chini ya shuka. Nikamwambia ni kwa ajili ya viroboto. Uongo. Aliangalia tu mikono yangu. Njangu, paka wetu, alikuwa amelala miguuni pake kama siku zote.

Baba Mugisha karudi kutoka kuanika kahawa, kasimama mlangoni. "Mama Mugisha, humu ndani kuna nini?" Nikamwonyesha chumba cha mama yake kwa kidevu. Akachukua sahani yake akaenda kula nje.

Mama alikuwa amekaa kizingitini. Sijui kama aliona.

Jumamosi, 8 Juni

Nyasi juu ya nyasi. Nimebeba mizigo mitatu. Justa jirani yangu kanikuta njiani: "Nyasi zote hizo, mwenzangu, mmefiwa?" Akacheka. Huku kwetu hutandikwa nene hivyo waombolezaji wapate pa kulala. Mimi sikucheka. Neno lake limenikaa.

Mama kaacha uji nusu.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani, kisha nyumbani. Nimetandika kamkeka kangu kwenye kona ya magunia ya kahawa, ninapopigia magoti kila siku. Nimeomba uvumilivu kwa ajili ya Mama. Harufu ilinifuata hata pale. Nikaona ni jaribu.

Jumanne, 11 Juni

Sijisikii vizuri kuandika haya.

Nilinunua klorini dukani. Nikaondoa nyasi mlangoni kwa Mama, nikamwaga bila kuchanganya na maji. Nikafunga madirisha ili dawa ifanye kazi. Nikaenda migombani. Kumbe Mama alikuwa ndani. Nilijua yumo. Sikufikiri, ndilo jibu pekee nililo nalo.

Niliporudi, nikiwa bado uani, nikasikia kikohozi ndani. Amekaa kitandani, kanga mdomoni, macho mekundu. Hakutoka kwa sababu dawa ilimzibia mlango, na hakuna aliyemshika mkono. Njangu anatokwa mate.

Tumemtoa nje kwenye hewa. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Baba Mugisha hajasema nami.

Jumatano, 12 Juni

Bwana mifugo alikuja kumchoma ng'ombe sindano. Akamwona paka. Nikamweleza yote, isipokuwa kwamba Mama alikuwa ndani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, ulitaka kuua paka au watu?" Klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa mbaya ya kifua. Paka naye hukanyaga dawa, halafu hulamba miguu. Hata zile dawa za kuua vijidudu zenye harufu ya hospitali, kwa paka ni sumu. Kisha akavuta pumzi kwa pua. "Na huu si mkojo wa mtu. Huu ni wa paka dume."

Nikabisha. Nilibisha kama mtu anayetetea mali yake. Akasema niazime tochi ile ya kukagulia noti, nifunge madirisha mchana, nione mwenyewe. Mkojo wa paka huwaka njano njano. Shuka likiwaka buluu ni sabuni tu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepanda bodaboda mpaka Songambele, dukani kwa Mzee Salum. Nikamwamkia, nikaomba tochi. "Umepata noti bandia, dada?" Nikasema ndiyo. Uongo wa pili.

Saa saba mchana nimefunga kila kitu. Nimeondoa nyasi zote. Nikawasha.

Sakafu iliwaka. Kando ya ukuta, chini ya kochi, magunia yote upande wa chini. Kila mahali nilipotandika nene zaidi ndipo palipowaka zaidi. Nilikuwa nikimtandikia Njangu choo. Laini, kikavu, kipya kila baada ya siku mbili.

Kamkeka kangu kaliwaka kote, hasa pale magoti yanapokaa.

Nikaingia chumbani kwa Mama. Alikuwa amelala. Nikamulika shuka, godoro, nailoni, sakafu. Buluu ya sabuni. Njano hakuna. Hata tone.

Nilizima tochi nikasimama gizani. Sikumwamsha.

Ijumaa, 14 Juni

Kazi tangu asubuhi, kama bwana mifugo alivyonielekeza. Kwanza maji mengi ya kuondoa klorini, madirisha wazi, sakafu ikauke kabisa. Halafu sabuni na maji ya uvuguvugu. Halafu siki, kikombe kimoja kwa viwili vya maji. Siki sikuipata dukani, Justa kanipa rubisi yake, pombe ya ndizi, iliyochacha mpaka ikawa siki yenyewe. Nimeivusha njia kwenye kidumu chini ya kanga, mimi mama wa kwaya. Imekauka, nikanyunyizia soda ya kuumulia mandazi, nikaiacha saa kadhaa, nikafagia. Magunia juani. Kamkeka nimekachoma. Njangu nimemwekea beseni la mchanga uani, na leo amelitumia.

Harufu imekwisha. Nilipaswa kufurahi.

Nilipoingia kufagia kwa Mama niliona jagi lake. Limejaa mpaka juu, na vumbi limeelea. Maji hayo niliyaweka Jumatatu. Midomo yake imepasuka. Nikamuuliza, Mama, hunywi? Akajibu taratibu, kama anaomba radhi: "Nikinywa nitawaharibia nyumba, mwanangu. Wageni wanakuja."

Nikatoka. Sikumwambia kuwa ni paka. Nimekaa jikoni nikaangalia moto.

Jumamosi, 15 Juni

Alfajiri hakuweza kusimama. Baba Mugisha na kijana wa bodaboda wamempeleka zahanati wamemkalisha katikati. Drip mbili. Daktari anasema amekauka sana, figo zimechoka, na kifua hakijakaa sawa. Turudi naye Alhamisi. Hakuahidi kitu.

Jumuiya ilisali kwetu ikamwombea. Watu wakasifu nyumba ilivyo safi. Mwinjilisti akanishukuru mbele ya wote kwa ninavyomtunza mkwe wangu. Niliinamisha kichwa. Watadhani ni unyenyekevu.

Jumapili, 16 Juni

Sikushiriki meza ya Bwana. Nilibaki kwenye benchi.

Jumanne, 18 Juni

Nimemwambia. Tulikuwa wawili tu, mchana, mlango wazi. Nilipiga magoti kwenye saruji. Nikasema ni paka, Mama, haijawahi kuwa wewe, hata siku moja. Nikasema na nailoni, na uongo wa viroboto, na klorini.

Akamtafuta Njangu kwa mkono, akampata, akamshika sikio. "Mwizi wewe," akamwambia. Kisha akanigeukia. Akaomba maji.

Kanywa nusu kikombe. Baadaye nusu nyingine. Akataka kwenda nje, nikamshika mkono, tukaenda polepole, tukarudi. Miguu yake imevimba. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Jioni ameuliza mbona sebule iko tupu, nyasi nitatandika lini. Nikasema akipata nguvu. Akatikisa kichwa, akaangalia ile sakafu kama anaipima.

Mundu nimeuweka juu ya dari. Justa kapita akauliza kama nateremka naye bondeni kesho. Nimekataa. Bado nasikia lile neno lake la kufiwa. Wiki hii sitaki kukata nyasi.