Kare ya Ine

Kwako Papa, uliyebaki kilimani,

Profesa wa mambo ya kale, mliyechimba naye, yuko hai. Juzi alifika hapa Katindo, Goma, kwa pikipiki, amekonda, akauliza habari zako kabla hajaketi. Mama akamwambia umefariki. Yeye hakuuliza tulikuzika wapi, nasi hatukusema.

Kisha akauliza kaye, lile daftari lako la uchimbaji. Barabara ikifunguka watarudi kilimani Masisi kumalizia pale palipoachwa nusu. "Tutaanzia kwa kare ya ine," alisema, yaani ule mraba wa nne, na Mama akaacha kuchambua maharagwe. Profesa hakujua kwamba wewe umo humo. Nilimwambia kaye iko kwenye mizigo, nitaitafuta, arudi baada ya siku tatu. Nilidanganya, Papa. Huwa naiweka chini ya godoro.

Unakumbuka msimu wangu wa kwanza? Wewe uliyeacha shule ya msingi katikati ndiye uliyekuwa kapita, msimamizi wa wachimbaji. Ulivuta kamba, ukagawa kilima kuwa miraba, kila mmoja mkauita kare, kisha ukachuchumaa na mwiko wa mwashi, ukikwangua udongo kama mtu anayekwangua ukoko wa bugali. Mimi, msomi wako, niliona kigae cha chungu cha watu wa kale, nikakichomoa, nikakiosha kwa sabuni kwenye ndoo na kukuletea kinang'aa. Ulikitazama, ukanitazama.

"Sasa umesafisha karte yake," ulisema, ukimaanisha udongo uliokuwa kitambulisho chake. "Nitajua je kwenye ilitoka? Mbele ya kuitosha mu udongo, tuandike kwanza: iko wapi, iko chini namna gani. Ukiitosha bure, inabakia tu jiwe."

Wenzako waliniita Mama Sabuni msimu mzima, na wewe ulicheka kuliko wote.

Siku nyingine ulishika kidole changu ukakiweka juu ya duara jeusi katikati ya udongo mwekundu. "Hapa mutu alisimamishaka nguzo ya nyumba yake." Mti wenyewe ulioza zamani, kabla kule milimani hakujaonekana jembe la chuma. Tulipata maduara saba, tukajua mlango wao ulitazama jua linakotoka. "Sawa ya kwetu," ulisema, ukafurahi kana kwamba umepata jirani.

Homa ilikushika wiki ileile risasi zilipofika barabarani. Tulikubeba hadi kwenye kibanda cha wachimbaji, tukidhani juu kule hakuna atakayepita. Ulifariki asubuhi, mimi na Mama tukiwa peke yetu. Majembe yalibaki nyumbani. Kare ya ine ilikuwa wazi, kina chake kinafika kiunoni. Tukakushusha humo kwa blanketi, tukarudisha kwa mikono udongo uliokuwa umeuchekecha mwenyewe, tukasali Baba Yetu, tukashuka kwa miguu hadi kambi ya wakimbizi ya Mugunga.

Sikulia. Wananiambia machozi yatakuja. Nimekufa ganzi tu, Papa: napika, nafua, Jumapili naimba kwaya, na yote nayafanya kama kwa mkono nilioulalia. Hapa Goma ungekosa kazi. Ardhi ni jiwe la volkano, hata shimo la choo linavunjwa kwa nondo wiki nzima.

Profesa alipoondoka Mama alisema, "Batamutosha sawa kipande ya chungu, mutoto yangu. Unguza ile kaye."

Nikiiunguza, kamba zenu bado ziko kilimani, na watachimba bila kujua. Watakugusa kwa mwiko kabla hawajajua ni nani.

Kwa hiyo leo nimeifungua kwenye ukurasa wako wa mwisho. Nimepiga mstari kwa rula, kama ulivyonifundisha. Kare: ya ine. Chini: kiunoni. Udongo: mwekundu, umerudishwa kwa mikono. Kwenye kitu kilichopatikana nimeandika Papa, nikafuta, nikaandika tena. Kesho nitamsomea Profesa mstari huo, Mama akisikia, ndipo nimkabidhi. Profesa hajawahi kubishana na kaye yako.

Imebaki safu ya mwisho, ile uliyoiandika kwa kalamu nyekundu: Nani ameitosha mu udongo. Nimeijaza. Hapana mutu.

Lala hapohapo, Papa.

Mutoto wako,
Mama Sabuni