Glasi ya Kumuaga Baba Kazini

Kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini nyote ni wazima na kwamba kikohozi cha yule wa mwisho kimemwachia. Mimi sijambo, ingawa mgongo unanisumbua kwa kubeba vioo na jioni kifua kinabana. Kazi ni ile ile, chumba ni kile kile, na mwenye nyumba bado anasema bomba litatengenezwa kesho. Salamu ziishie hapo. Yanayofuata hayapendezi, kwa hiyo kaa chini, na kama una wageni subiri waondoke.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu huwezekani. Nikipiga unaniweka kwenye spika, rafiki zako wanasikiliza, nikianza neno la maana mmoja wao anatia utani, mnacheka wote, kisha unaniambia mtandao mbaya. Barua haina spika. Dereva wa lori letu anapita huko kwenu kupeleka vioo vya duka kabla ya Jumapili. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimwachie mtu mwingine.

Unajua jinsi nilivyohangaika na glasi yako. Uliniambia baba anastaafu mwisho wa mwezi, kwamba utamfanyia sherehe ukumbini, na kwa kuwa mimi niko kwenye karakana ya vioo, nitengeneze glasi nzito ya wiski yenye maneno ya kuchekesha. Nilifurahi sana. Sherehe zote za nyumbani hunipita, nikaona safari hii angalau kazi ya mkono wangu itakuwepo mezani.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana wewe unadhani maneno yanaandikwa tu kama ubaoni. Glasi inavikwa plastiki yenye gundi. Herufi zinachorwa juu yake, kisha nazikata kwa wembe moja moja na kuzibandua, na mkono usitikisike. Halafu naingia chumba cha mchanga, navaa kofia yenye kioo, nashika bomba la upepo, na mchanga unakula pale tu palipo wazi. Ukishakula, umekula, hakuna kufuta. Yote hayo niliyafanya wakati wenzangu wanakula, kwa sababu msimamizi hataki kazi za ndugu katika saa za karakana.

Kwanza ulitaka "Maji ni ya kuogea." Nikakata herufi zote. Nilipokuwa naelekea chumba cha mchanga ukatuma ujumbe kwamba shemeji hajacheka, tubadilishe. Nikabandua. Ukaleta "Mimi si mlevi, ni mzoefu." Nikakata tena. Ukasema hapana, mkubwa wa kazi wa baba atakuwepo, ataichukulia vibaya. Kufikia hapo wenzangu walikuwa wameshapata mchezo. Yule mzee wa chumba cha mchanga, tunayemwita Unga kwa sababu hutoka mle mweupe mpaka kope, kila mchana aliniuliza kama bwana mkubwa ameshaamua au bado yuko kikaoni. Yeye alitoa yake bure: "Ukinikuta nimelala, nirudishe nyumbani." Nikakutumia. Ukajibu kwamba hiyo ni ya walevi wa mtaani, na baba ni mtu wa heshima. Kaka, mtu anatafuta maneno ya glasi ya wiski halafu anachambua walevi kama anachambua mchele. Ilinichoma.

Mwisho ukapata ya kwako: "Kazi nimeacha, glasi sijaacha." Ulinipigia ukicheka mpaka ukapaliwa. Na mimi nilicheka, sikufichi. Ukanipangia kila kitu. Herufi ziwe kubwa, zisomeke hata meza ya nyuma. Utamwita baba katikati ya ukumbi, utayasoma kwa sauti, utammiminia mwenyewe mpaka juu, na watu wote watahesabu huku anakunywa mpaka tone la mwisho. Nikazikata herufi, nikaipiga glasi mchanga. Ilitoka safi kabisa. Unga aliiinua kwenye mwanga akasema hata asiyekunywa angeitamani.

Kesho yake baba akanipigia simu.

Unamjua baba, simu si kitu chake. Hupiga mama, naye husalimia kwa mbali kutoka kwenye kiti chake. Safari hii alipiga mwenyewe, tena akiwa kazini, nasikia mashine za kuchonga chuma zikinguruma nyuma yake. Aliniuliza kuhusu kifua. Aliniuliza kama nakula vizuri. Kisha akasema amesikia kwa mama kuna glasi inakuja, maana siri yako mwenyewe ilikushinda, ukaimwaga jikoni. Akauliza, vioo si huwa vinavunjika njiani? Nami kwa majivuno nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaifunga kwa makaratasi na sponji, hata lori lipinduke itafika nzima. Baba akasema basi usiifunge vizuri hivyo, mwanangu.

Sikumwelewa. Ilibidi anieleze, na kwa baba kujieleza ni kazi kuliko kuchonga chuma kutwa nzima.

Kaka, baba ameacha pombe. Sisemi amepunguza. Ameacha, tangu mapema mwaka huu. Kuna asubuhi mikono ilimtetemeka, hakukibana chuma sawasawa, kikaruka kutoka kwenye mashine na kupita karibu na uso wa mwenzake wa mashine ya pili. Hakikumgusa. Baba alizima mashine, akaenda kukaa chooni, na tangu hapo hajaonja. Wiki za mwanzo alikuwa analowesha shuka kwa jasho, mama anabadilisha. Anasema akinywa hata moja, anavyojijua, atarudi pale pale.

Najua utabisha, kwamba kila Jumapili unakwenda na chupa yako ya wiski na mnakunywa pamoja. Mnakunywa wewe na nani? Mama huchemsha chai ya rangi asubuhi, bila sukari, anaiacha ipoe kwenye chupa kabatini. Wewe ukishamimina, simu yako haikosi kulia, na hujui kuongea na simu bila kutoka nje kuzunguka gari. Ukiwa huko, mama anaingia, anaimwaga ya baba kwenye sinki na kumwekea ile ya kabatini. Unarudi, unagonga glasi na mzee, unamsifu kwamba umri umekwenda lakini hayumbi. Angeyumbishwa na majani ya chai? Mdogo wetu wa kike anajua. Jirani wa ukuta wa pili anajua. Asiyejua ni wewe, unayekaa mbele yake umegusana naye magoti.

Nilimuuliza kwa nini hakuambii. Akasema kaka yako tangu aote ndevu hakuwahi kukaa na mimi. Alikuwa akipita, anaacha mahitaji mlangoni, anawasha gari. Siku alipoanza kuja na chupa ndipo alipoanza kukaa. Nikimwambia nimeacha, atakaa na mimi afanye nini? Hivyo ndivyo alivyosema, na hakusema kwa kulaumu, alisema kama anayeniuliza bei ya sabuni. Hapo ndipo hasira ilipoanza kunipanda, na mpaka naandika haijashuka.

Nyumbani mama ana uwezo wa kubadilisha glasi. Ukumbini, watu wamemzunguka na wanahesabu, ataibadilisha nani? Nilimuuliza hilo. Baba alisema glasi ikifika atakunywa tu, asikuaibishe mbele ya watu uliowaita. Yaani alishaamua. Alichoomba ni kwamba, ikiwezekana, isifike. Kisha akaniapisha nisikuambie neno.

Kiapo hicho nimekivunja kwa barua hii, na glasi nayo nimeivunja. Sitakudanganya kwamba ilipatwa na ajali njiani. Niliipigiza kwenye pipa la vipande, mchana kweupe. Msimamizi aligeuka, na Unga akamwambia ni yangu, niachwe. Usiende kutafuta nyingine madukani. Ukitaka kumpa baba zawadi mnunulie viatu, mnunulie redio, mnunulie hata mswaki.

Mimi shule niliiachia njiani, sijui kupanga maneno ya kumkanya mtu kwa adabu. Wewe ni mkubwa kwangu na umenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Lakini nakuuliza, ulikuwa unamtazama wapi huyo mzee? Amekonda, rangi yake imerudi, anaamka mapema anafagia mwenyewe, na wewe hujaona. Mimi natoa mchanga masikioni huku nilipo, sijui lini nitapata nafasi ya kuja. Ningepewa Jumapili moja tu kati ya hizo zako, ningekaa naye hata kwa maji ya bomba. Wewe unazo zote, na kila moja mzee anaipata kwa kukudanganya, kwa sababu umemfundisha kwamba bila chupa huna haja naye. Nimeyaandika haya na siyafuti.

Jumapili hii nenda. Usibebe chupa. Usimwambie kwamba unajua, wala usianze kumwomba msamaha mrefu, mtaumbuka wote wawili na mama ataanza kulia. Simu iache garini. Kaa kwenye kiti chako kile kile, na mama akileta glasi, mwombe kwa sauti ya kawaida akumiminie na wewe ile ya kabatini. Baba ataelewa. Ataangalia pembeni, nawe angalia pembeni. Kunywa. Ni chungu na imepoa, lakini kunywa, na saa yako ya kuondoka ikifika, usiondoke.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya mgongo aliyonipa nimeimaliza na imenisaidia. Msalimie mdogo wetu, na watoto wote uwabusu mmoja mmoja. Shemeji mwambie lile neno la kwanza la glasi halikuwa la kuchekesha kweli, alikuwa na haki. Baba usimpe salamu zangu, atajua nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekukasirikia na kukupenda,

Kibiriti