Ignasi, Presha Haikungoja Uzeeke

Mwaka umepita tangu ulipoanguka kwenye mashamba ya ngano, Ignasi, ukiwa na miaka kumi na saba, na hapa nyumbani Masakta bado hatujazoea. Mama yako Verediana bado anakupakulia chakula. Akishapakua ndipo anakumbuka, anakirudisha chunguni.

Ulikuwa na heshima, mtoto wewe, mpaka tukawa tunakutania. Ukikutana na mkubwa njiani unasimama pembeni apite, hata kama umebeba ndoo mbili. Ulipopata kibarua kwenye mashamba ya serikali, ulikuwa unarudi mweupe kwa vumbi la ngano, unamchotea mama maji kwanza, ndipo unanawa.

Msimu wote wa mavuno kichwa kilikuuma. Tukasema ni kelele za kombaini, zile mashine za kuvunia. Pua ikatoka damu, tukasema ni jua. Mama yako hakuridhika. Muuguzi alipokuja kwenye kambi ya vibarua na mashine ya presha, yeye ndiye aliyekusukuma ukapange foleni.

Wazee waliokuwa kwenye foleni walikucheka.

"Mtoto kama wewe presha ya nini?" akasema mzee Gidahosh wa Dirma. "Presha ni yetu sisi wenye mawazo."

"Pita tu, babu," ukamjibu. "Mimi bado nina miguu ya kusimama."

Akaja mwingine, ukampisha. Uliwapisha wote, mpaka lori la shamba likapiga honi na muuguzi akafunga mashine yake kabla hujapimwa. Nani angekukataza? Ndivyo tulivyokulea.

Mavuno hayajaisha, ukaanguka kando ya kombaini na hukuamka. Daktari alituambia presha ilikuwa imeuchosha moyo wako kwa muda mrefu, kwamba vijana nao huipata, na kwamba ndugu zako wapimwe.

Majirani walimwambia mama yako anatafuta ugonjwa kwa nguvu. Hakuwasikiliza, akampeleka mdogo wako Tekla, mwenye miaka kumi na minne. Presha yake iko juu. Sasa ni vidonge kila siku na mboga isiyo na chumvi. Tekla ananuna, mama anamsimamia mpaka ameze. Amechoka, Ignasi. Sote tumechoka, lakini yeye zaidi.

Leo ni misa yako ya kutimiza mwaka. Baba yako Tadeo, kaka yako Yoakimu, na sisi shangazi zako, Scolastica na Fabiola, tutakwenda kaburini. Mama yako hatakuwepo. Kliniki ya Tekla imeangukia siku hii hii, na hospitali ni mbali. Jana alilia sana. Asubuhi amejifunga khanga, akamshika Tekla mkono.

"Kaburi halitahama," alituambia. "Dawa za huyu zimekwisha."

Usimhesabie kosa, mwanetu. Tutakukumbuka siku zote.