Triza wa Kitabuni na Triza wa Ploti Yetu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Lorine Bwire. Umri: miaka 31. Kazi: kufunga sabuni kiwandani. Makao: mtaa wa Baba Dogo, ploti ya vyumba vya mabati. Yameandikwa Jumatatu, tarehe 19 Agosti 1996.

Ninayoyasema nimeyaona na kuyasikia mwenyewe, na ninaomba afande asicheke kabla sijamaliza.

Mimi na jirani yangu Matheka, mchonga vinyago, husoma vitabu fulani vya Kiingereza vya falme na majoka. Viko sita. Tumepata vitano, vya mitumba, kwa wauzaji wa barabarani. Majina ya humo yanavunja ulimi, kwa hivyo tumewapa watu wake majina yetu. Malkia ana binti anayeitwa Terizandra. Kwetu mwanamke mwenye mtoto haitwi jina lake tupu. Basi malkia tukamwita Mama Triza, na mfalme Baba Triza.

Shida ni kwamba kwenye ploti yetu kuna Mama Triza wa kweli, Annah, mke wa Wakoli. Binti yao ana miaka minne. Kati ya chumba chao na changu kuna bati moja tu.

Mnamo tarehe 18 Agosti, Jumapili, mwendo wa saa kumi jioni, Matheka alikuja kwangu na kitabu cha tano. Tulianza ubishi wetu wa siku zote. Mapenzi ya malkia na mfalme hayaingii akilini hata kidogo. Kitabu cha kwanza hawasalimiani, cha tatu wameoana, na mwandishi hasemi walipendana lini. Mimi nilisema labda malkia alirogwa. Matheka akakataa, akasema moyo wake uko kwa fundi anayechonga viti vya ikulu. Akapaza sauti: "Mimi kama fundi nakuambia, Triza si wa Baba Triza! Mama Triza anapenda fundi. Huyo bwana ni wa kuonyesha watu tu."

Nilicheka. Nilicheka sana, na kicheko hicho kinaniuma mpaka sasa.

Upande wa pili redio ilizimwa. Kisha Wakoli akasimama mlangoni kwangu, mkono mmoja ukiwa nyuma. Alisema polepole, "Fundi, hebu rudia hiyo maneno."

Matheka alidhani naye anataka kuingia kwenye ubishi. Akatabasamu. "Ni ukweli, Baba Triza. Hata macho ya mtoto yanaonyesha. Ni wewe tu hujajua."

Hapo nikaona panga. Nilipiga kelele, "Shemeji, ni kitabu! Ni kitabu!" lakini hakunisikia. Matheka aliinua kitabu kujikinga. Panga lilikipasua, likamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Majirani wakamkamata Wakoli. Annah alitoka mbio akiwa na unga mikononi, akiuliza kuna nini. Wakoli akamwambia, "Chukua mtoto wa fundi mwende." Triza alikuwa ameng'ang'ania suruali ya babake. Kwa kuwa mikono ya Wakoli ilikuwa imeshikwa, alimsukuma mtoto kwa goti.

Leo asubuhi niliruhusiwa kuzungumza na Wakoli hapa kituoni, mbele ya afande. Nilimweleza yote, nikamwonyesha na kurasa. Alisikiliza mpaka mwisho, nami nikadhani yameisha. Kisha akauliza, "Na hicho cha sita kinasema mtoto ni wa nani?"

Nilimwambia bado hatujakipata.

"Basi hamjui," akasema, akageukia ukuta.

Annah hajawahi kukishika kitabu hicho, na Kiingereza hasomi. Ninaomba hilo liandikwe.

Hayo ndiyo niliyoyashuhudia. Nimesomewa, na sina la kupunguza.

Sahihi: L. Bwire

Mimi, Konstebo Ndung'u, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, akakubali na kutia sahihi. Kielelezo: kitabu kimoja, hakina jalada, kimekatwa. Mtoto aliyetajwa yuko kwenye kaunta na mamake. Anauliza babake atatoka saa ngapi.