Pigo la Tisa la Orlena

Jumamosi hii mwaka unatimia, Orlena, tangu ututoke asubuhi ile ya tarehe 28 Desemba, theluji ikiwa bado juu ya paa la zizi. Tunakuandikia hapa gazetini ili majirani nao wasome, kwa kuwa tulikukosea mbele yao, na sasa jambo lenyewe limetengemaa.

Kwanza tuseme ulivyokuwa. Miaka thelathini na mmoja uliwapikia watoto wa shule ya bonde letu, na hakuna aliyetoka kwenye foleni yako na sahani nusu. Ukimwona mtoto anakula mbiombio siku ya Ijumaa, ulimfungia mkate wa mahindi kwenye leso, ukamwambia ni wa mbwa wake. Ulijua fika kwamba hana mbwa.

Kila Desemba uliitoa banjo ya baba yako, marehemu Ansel, ukaikalisha karibu na jiko la kuni hadi ngozi yake ikauke na kukaza. Uliigeuza upande huu na upande huu kama mtoto mwenye mafua, na ole wake mtu aliyeketi kati yake na moto.

Nyimbo za Krismasi za madukani hukuzipenda. Ulisema zimepakwa sukari hadi huoni kilichomo ndani. "Yesu kazaliwa zizini," ulikuwa ukisema. "Zizini mna baridi, mna samadi, na mama wa watu kachoka. Sasa hizo kengele na hao wapiga vinanda mia moja walipitia mlango gani?" Wewe ulitaka banjo, fidla, gitaa na mandolini, na watu wanne walioketi karibu hata wakasikia pumzi za wenzao. Katika sauti ile ya mti na waya, mtoto wa Bethlehemu alikuwa kama mtoto wa jirani aliyezaliwa juzi, nasi tukatamani kumpelekea blanketi. Huzuni imo katika nyimbo hizo, lakini ni huzuni inayokwenda mbio, na mtu hujikuta anacheka huku macho yamejaa maji. Mwaka ule barafu ilipoangusha nguzo za umeme kwa siku sita, redio zote bondeni zilinyamaza. Jikoni kwetu walijaa watu kumi na tisa, wakala maharage na keki yako ya matabaka ya tufaha, wakasikiliza banjo yako, na hakuna aliyeuliza umeme utarudi lini.

Wimbo wako hasa ulikuwa ule alioutunga baba yako kwenye kambi ya mgodi, "Mchungaji Aliyechelewa". Hapo ndipo mimi mumeo, Meldon, nilipokukosea, kwa hiyo maneno yanayofuata ni yangu.

Nilichimba makaa ya mawe miaka ishirini na sita, na baada ya zamu nilikwenda kwenye masomo ya jioni. Nilipata cheti, kisha nikajifunza kusoma noti za muziki, na sioni aibu kusema nilikuwa wa kwanza darasani. Ndipo nilipogundua kwamba wimbo wa baba yako una kasoro. Kila mstari una mapigo manane, ila wa tatu una tisa.

"Orlena, hapa kuna pigo limezidi," nilikuambia.

"Halijazidi. Ni lake."

"Kwa kanuni za muziki, halipaswi kuwepo."

"Profesa, mchungaji kachelewa. Yuko huko mlimani na kondoo kilema. Hata pigo moja humngoji? Una haraka ya kwenda wapi?"

Wageni waliojaribu kupiga nasi walijikwaa palepale kila mwaka, na wewe ukacheka hadi ukashika mbavu. Mimi nikauandika wimbo kwenye karatasi, na bila kukuambia nikaliondoa lile pigo. Nilidhani ninaunawisha uso.

Siku ya mazishi yako hakuna aliyekuwa na akili yake. Kaka yako Haskell, mwenye fidla, kila akianza alijikuta katika wimbo mwingine. Binti yetu Corda, mwenye mandolini, alisema hakumbuki chochote. Nikawatolea karatasi yangu. Tukaupiga kando ya kaburi kama ulivyoandikwa, manane, manane, manane, manane. Wimbo ulinyooka kama barabara mpya, na ukafia mikononi mwetu. Haskell alifunga fidla sandukuni, na hakuifungua kwa miezi tisa.

Hatukuwahi kuurekodi wimbo ule, Orlena. Siku zote tulifuata mkono wako wa kulia. Tulipojaribu tena majani yalipoanza kuanguka, Haskell aliwahi, Corda akachelewa, mimi nikaganda. Tuliogopa kwamba wimbo umekwenda nawe, na kwamba tulikuzika kwa wimbo usio wako.

Jumapili iliyopita, saa nane mchana, tuliketi mbele ya watu kwenye ukumbi wa wazimamoto, kama kila Krismasi. Niliweka karatasi mbele yangu, gitaa pajani. Mstari wa tatu ulipofika, tukajikwaa wote watatu.

"Shemeji," Haskell akasema, "ifiche hiyo karatasi kabla sijawapa hawa wazimamoto kazi."

Watu wakacheka. Corda hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu.

"Baba, hebu piga tena. Peke yako."

Nikapiga.

"Mguu wako," akasema.

"Mguu wangu umefanya nini?"

"Unapiga tisa. Mkono unafuata karatasi, mguu unamfuata Mama. Ndiyo maana unatuvuruga!"

"Haiwezekani."

"Nimeuhesabu mara mbili. Baba, acha ubishi, fuata mguu."

Haskell akainama akakitazama kiatu changu, kisha akajipiga paja. "Jamani! Miaka arobaini na nane anambishia dada yangu kwa mdomo, kumbe huku chini alishakubali zamani!"

Nikaigeuza karatasi kifudifudi. Tukaanza upya, tukiufuata mguu. Kwenye mstari wa tatu tukangoja pigo moja, sote, na ukumbi mzima ukangoja nasi bila mtu kukohoa. Mstari wa nne ukaingia mahali pake. Mama mmoja wa mbele, ambaye ulimlisha akiwa darasa la pili, akasema kwa sauti, "Haya, Orlena huyo!"

Tuliupiga mara nne. Haskell alipiga fidla machozi yakimchuruzika hadi kwenye ndevu, na kila tulipomaliza alidai tena. Mimi niliishusha pumzi niliyokuwa nimeishikilia tangu makaburini.

Kesho yake niliuandika upya, kwa wino, mapigo tisa kwenye mstari wa tatu, jina la baba yako juu na lako chini yake. Masomo ya jioni hayakupotea. Haskell, ambaye hasomi noti hata moja, aliupitia ukurasa kwa kidole.

"Limo?" akauliza.

"Limo."

"Basi weka nakala kwangu. Wewe sikuamini."

Tusamehe kwa wimbo wa mazishi, Orlena. Jumamosi, saa sita mchana, tutakuja kaburini na vyombo, tukupigie wako. Jirani atakayependa kuja na aje, ila avae buti, njia ina tope.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, Meldon Rasnick. Binti yako Corda na mumewe Teddy. Kaka yako Haskell Owens. Wajukuu zako Lacy na June. Na wote waliokula kwa mkono wako.

Maadamu tunapumua, Orlena, utakumbukwa.