Kapu la Dirishani

14 Agosti, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, pua inanusa na ulimi unaonja, na siku hizi hizo ndizo habari za kwanza kuulizana. Natumaini kifua chako kimetulia, na mjukuu wako hajambo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenipakia chumba rangi, umeninunulia godoro, na unauliza narudi lini. Nitakujibu, ila kwanza nikuchekeshe.

Chuo kimefunga milango kwa ajili ya ugonjwa, lakini masomo yanaendelea. Walimu wanafundisha kutoka majumbani. Mkuu wa idara ya historia aliwahutubia wanafunzi mia mbili kwenye kompyuta akiwa na koti na tai, kisha akasahau, akainuka kufunga dirisha. Chini alikuwa na suruali ya kulalia.

Sisi wa maktaba tuliambiwa tupumzike. Nikauliza, na vitabu visivyomo kwenye kompyuta je? Basi nikafunga kamba kwenye kapu la takataka za karatasi, nikaketi kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza. Mwanafunzi anapiga simu, anataja kitabu, anasimama chini kwenye duara la chokaa, nami namshushia. Wananiita Babu Kapu.

Mwezi uliopita nilisahau miwani yangu ndani ya kitabu cha mifupa, kikaondoka na binti anayesomea udaktari. Kukiri nikaona haya. Siku mbili nikagawa vitabu kwa kupapasa majalada. Kijana wa sheria akanipigia akisema, babu, nimefika ukurasa wa arobaini na bado ni minyoo ya kuku, sasa hawa kuku wanashtakiwa lini? Nilicheka mpaka barakoa ikaloa. Yule binti alirudisha miwani kapuni na kikaratasi: ameiosha kwa sabuni, na mtihani wa mifupa amefaulu.

Sasa jibu lako. Nilikuambia ndege haziruki. Zinaruka tangu mwezi wa tano, nami nilijua. Muda wa kustaafu nao ulifika, nikamwomba mkuu wa maktaba aniongezee, nikakuficha. Ugonjwa ulinipa kisingizio nami nikajifunika nacho. Nisamehe, mdogo wangu. Nyumbani ninakokuota, mama yupo jikoni na wewe una miaka kumi na miwili. Huko hakuna ndege iendayo. Hapa kuna watu chini ya dirisha wananisubiri.

Umeniandikia kwamba mtandao unashika chumbani kwangu tu, na kwamba mjukuu wako anasikiliza masomo yake ya shule akiwa amekaa kizingitini, kwa kuwa umemkataza kuingia asichafue rangi. Mfungulie. Aweke meza dirishani, na godoro ni lake.

Nisalimie majirani wanaonikumbuka, na wasionikumbuka uwaambie nilikuwa mrefu. Andika upesi, hata kama ni kunigombeza.

Mimi sitarudi.

Kaka yako akupendaye,
Babu Kapu